Kumi na Mmoja wa Tarehe Ishirini na Mbili

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Bi Kadi husimama mbele ya kalenda ya ukutani na kuweka kidole juu ya tarehe ya siku hiyo. Kisha hukipandisha kidole mstari mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Mwezi ukimwishia, hufunua karatasi ya mwezi uliopita na kuendelea: nne, tano, sita. Kidole kikishasimama, huitazama tarehe iliyo chini ya ukucha kama mtu aliyeokota barua isiyo yake, halafu huiachia karatasi ianguke na kwenda kutafuta sukari.

Binti wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi naye, alimuuliza siku moja anahesabu nini.

"Nanyoosha kidole," alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jina la Bi Kadi alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kliniki ya watoto. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, ikifunguliwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mlangoni kulikuwa na benchi, kisha meza yake, kisha mizani iliyoning'inia kwenye boriti na kaptura yake ya turubai ambamo watoto walitumbukizwa miguu wakilia kama wanaonewa. Mwisho wa safari alikaa nesi na sindano zake. Hakuna mtoto aliyefika kwenye mizani bila kwanza kupita kwa Bi Kadi. Yeye ndiye aliyeandika jina, kijiji, mama, baba kama yupo, na tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya waridi kwa msichana, ya buluu kwa mvulana.

Tarehe ndiyo iliyokuwa kazi. Siku hizo wengi walijifungulia nyumbani kwa mkunga, na mkunga hakuwa na kalenda.

"Amezaliwa lini?"

"Ule wakati mvua ilipobomoa choo cha shule."

"Choo cha shule kimebomoka mara tatu, mama."

"Basi ile mara ya pili."

Ingekuwa kichekesho tu kama si nesi. Watu walimwita Sista Mkali, naye alilijua jina hilo na kulifurahia. Sindano ya kwanza mtoto huchomwa akiwa na wiki sita. Mama akimleta wa miezi mitatu, Sista Mkali alisimamisha foleni nzima ili wote wasikie. "Huyu mlikuwa mnamfuga kabatini? Mbuzi wako ulimpeleka chanjo kwa wakati, huyu umemsahau?" Foleni ilicheka. Mama alicheka pia, kwa aibu. Na mwezi uliofuata mama huyo hakuonekana, wala ule uliofuata.

Bi Kadi aliliona hilo kwa sababu daftari lilikuwa lake. Aliyesemwa, hakurudi. Ndipo akapata ujanja wake. Mama akichelewa, au akiwa hana hakika, karani alipandisha kidole mistari sita kwenye kalenda ya mezani na kuandika Jumatano ile aliyoifikia. Wiki sita kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kisha alimsukumia mama kadi na kumnong'oneza: "Nimekuweka vizuri. Hutasemwa."

Akina mama walimpenda. Walirudi sindano ya pili na ya tatu, wakaleta na wadogo wa watoto hao. Kliniki ikapata barua ya pongezi ikatundikwa ukutani, na Sista Mkali akajisifu kwamba ukali wake umezaa matunda. Bi Kadi alimwacha ajisifu.

Hayo yote yalikuwa yamepita, naye amestaafu na kusahauliwa, mpaka jioni moja ya Jumanne Mwalimu alipoingia na karatasi ya manila iliyoviringishwa kwapani.

"Shangazi, njoo uone ghorofa."

Aliikunjua mezani, akagandamiza kona moja kwa chupa ya chumvi na nyingine kwa simu. Alikuwa akiwafundisha darasa la saba kuchora grafu, na badala ya kuwapa mfano wa magunia ya mahindi kama kitabu kilivyotaka, aliwaambia wahesabu siku zao za kuzaliwa. Miezi kumi na miwili ilisimama kama nyumba za mtaa. Januari ilikuwa ndefu kiasi.

"Ya Januari naielewa," Mwalimu alisema. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, aliyezoea kusema na vitabu kuliko na watu, lakini grafu ilikuwa imemfungua mdomo. "Karibu wote ni tarehe mosi. Ni wale ambao wazazi walifika kuandikisha shule hawajui tarehe, wakapewa ya kufungulia mwaka. Lakini tazama Septemba."

"Septemba imegonga kichwa darini."

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Bi Kadi alicheka. "Mimi? Kamuulize meneja wa kiwanda cha saruji."

"Kiwanda kinahusika vipi na Septemba?"

"Wanaume wa hapa wote walikuwa huko, safari ya siku nzima, wanalala kwenye mabweni. Desemba kiwanda kinafungwa mashine zitengenezwe. Wanarudi. Sasa wewe msomi, hesabu kuanzia Desemba, miezi tisa."

Mwalimu alihesabu kwa vidole, akafika, akajifunika uso kwa viganja. "Shangazi! Nitawaambiaje watoto wa watu?"

"Waambie baba zao walikuwa likizo. Yaliyobaki watajaza wenyewe, tena kwa haraka kuliko unavyodhani."

Walicheka wote wawili hadi sufuria ikakaribia kuungua. Mwalimu aliporudi kutoka jikoni, alikuwa bado anatabasamu, lakini akaweka kalamu juu ya Septemba.

"Mwezi nimekubali. Sasa siku. Darasa la watoto hamsini na nane, kumi na mmoja wamezaliwa tarehe ishirini na mbili. Nimetafuta kwenye kalenda ya mwaka ule, ilikuwa Jumatano. Likizo inaweza kuleta watoto wengi, shangazi, lakini haiwezi kuwa na shabaha namna hiyo."

Bi Kadi hakucheka. Alivuta kiti akakaa. Tarehe ishirini na mbili Septemba ni wiki sita kabla ya Jumatano ya kwanza ya Novemba mwaka ule. Hakuhitaji kalenda.

"Ni mimi," alisema, na akamweleza habari ya mistari sita.

Mwalimu alifurahi kama aliyefumbua fumbo la mtihani. "Kumbe nilikuwa namtafuta Mungu, kumbe ni wewe! Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nitaitundika ukutani niwaeleze. Watacheka! Nusu ya kijiji wamezaliwa mezani kwako."

"Fundi atakuwepo?"

"Fundi ni mjumbe wa kamati. Kikao bila Fundi kinakuwaje kikao?"

Bi Kadi akanyanyuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Fundi alikuwa mwanamke mshonaji wa cherehani, jirani wa nyumba ya tatu. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuwa na kadi ya waridi yenye tarehe hiyohiyo. Hakuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, kwa sababu hakufika hata mwaka mmoja.

Novemba ile Fundi alikuwa binti mdogo wa miaka kumi na tisa, hajui kusoma, mume yuko kiwandani. Alifika mezani na mtoto mikononi, anatetemeka kwa kumsikia Sista Mkali akimsema mwenzake wa mbele. Bi Kadi alimuuliza umri wa mtoto. "Miezi miwili," alisema. Bi Kadi akapandisha kidole mistari sita. Mtoto akapimwa: kilo nne na nusu. Kwa wiki sita, uzuri mtupu. Nesi akatia nukta kwenye grafu ya kadi, juu ya mstari wa kijani wa watoto wenye afya, akampitisha.

Desemba Fundi alirudi, akajikaza kusema. "Sista, mimi namwona mwepesi." Sista Mkali aliitazama kadi, hakumtazama mtoto, kulikuwa na watoto mia na ushee nyuma yake. "Wiki kumi, kilo tano. Yuko sawasawa. Usitafute ugonjwa usiokuwepo." Januari hivyohivyo. Mwishoni mwa Januari mtoto akashikwa na homa na kuharisha. Watoto wengi waliugua wakati ule, wakalegea, wakainuka. Huyu hakuwa na akiba mwilini. Siku ya tatu akafariki.

Msibani, mkunga ndiye aliyesema. "Nilimpokea mwenyewe, baridi ile ya mwisho wa Juni." Bi Kadi alikuwa ameketi karibu, anachambua mchele. Juni. Basi Novemba mtoto alikuwa na miezi minne, si wiki sita. Lakini hata hapo hakuunganisha uzi na sindano. Karani kazi yake ni kuandika. Mizani ni ya nesi.

Aliunganisha miaka mitatu baadaye, kwenye semina. Mkufunzi kijana alichora mistari ya ukuaji ubaoni akasema: "Mizani haijui kitu. Mizani inasema kilo tu. Ni umri ndio unaosema kama kilo hizo ni shibe au njaa. Kadi ikidanganya umri, mtoto mwenye njaa ataonekana ameshiba." Makarani wenzake waliandika. Bi Kadi hakuandika. Aliporudi alifungua kabati la madaftari ya zamani, akatafuta ukurasa wa mtoto wa Fundi, akachukua kadi tupu na penseli, akaitia ile nukta mahali pake pa kweli. Ilianguka chini ya mstari mwekundu. Wale wa chini ya mstari mwekundu kliniki ilikuwa na dawa yao: unga wa lishe, na rufaa ya hospitali siku hiyohiyo.

Toka siku hiyo hakupandisha tena kidole mezani kwa mtu. Mama akichelewa, Bi Kadi aliandika kweli, akasimama mwenyewe kati ya mama huyo na Sista Mkali, na mara mbili walikaribia kushikana mashati. Ila kwa Fundi hakusema neno. Aliwaza kumwambia mwaka ule, akawaza kumwambia uliofuata. Fundi akapata watoto wengine wawili, wazima, akajifunza kusoma kwenye masomo ya watu wazima, akafungua duka lake. Na kila walipokutana alikuwa na maneno yaleyale mdomoni: "Maziwa yangu yalikuwa maji, Bi Kadi. Nilirudi kwenye cherehani mapema mno. Mtoto alikuwa mzima, kadi inasema, mimi ndiye niliyemkausha."

Miaka kumi na miwili Bi Kadi aliyasikia hayo na kuitikia, "Usiseme hivyo, mwanangu." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe alishonewa na Fundi.

Sasa Jumamosi Mwalimu angeitundika grafu. Fundi si mjinga. Angesikia kwamba tarehe zilibuniwa, angekwenda nyumbani akaifungua kadi ya waridi, angehesabu. Afadhali ayasikie kwa mwenye kosa.

Alhamisi Bi Kadi alichukua gauni lisilo na kasoro akalipeleka kupunguzwa kiuno.

Duka la Fundi lilikuwa na upana wa cherehani mbili na mtu mmoja mwembamba. Vitambaa vilipangwa mpaka juu, chaki zimelala kwenye kopo la maziwa, na sakafuni kulijaa vipande vya nyuzi. Fundi alimpitishia futi kiunoni, pini mdomoni.

"Gauni halina tatizo, Bi Kadi. Labda umeanza kuringa."

"Uzee nao una maringo yake."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Mwalimu wako kanipitia jana. Kasema kuna watoto kumi na mmoja darasani kwake, wote tarehe ishirini na mbili. Nimekaa nikawaza. Wangu naye ni ishirini na mbili, kwenye kadi. Angekuwa wa kumi na mbili."

Bi Kadi alishika ukingo wa meza.

"Nilisahau kukushukuru siku zote hizi," Fundi aliendelea, akirudisha futi shingoni. "Siku ile ulinisitiri. Yule nesi angenila nyama. Wewe ukasema, hutasemwa. Sijasahau."

Angetukanwa, ingekuwa nafuu. Bi Kadi alisema gauni litafuatwa kesho, akatoka, akapita nyumba yake bila kuiona mpaka mwisho wa barabara.

Usiku ule Mwalimu alimkuta hajala. Alimuuliza mara moja tu, kwa sauti yake ndogo, na shangazi akamweleza kila kitu, hata penseli. Mwalimu akaichukua grafu mezani, akaiviringisha.

"Sitaitundika, shangazi. Nitasema grafu haijakamilika."

"Itundike."

"Lakini Fundi..."

"Nimeshafichwa na mistari sita. Sitaki tena kufichwa na manila. Itundike, mimi nitamtangulia."

Ijumaa alikwenda mchana. Mzee mmoja alikuwa amesimama kizingitini akidai suruali yake.

"Fundi, suruali yangu imeota mizizi humu ndani?"

"Imeota, mzee, lakini wewe umeota kitambi. Niongeze kitambaa au ufunge mdomo?"

"Mdomo wangu unalipa kodi, uache." Aliichukua suruali, akamsalimu Bi Kadi, akaenda zake akicheka peke yake.

Fundi alilivuta gauni kutoka chini ya lundo. "Sijaligusa. Nililipima tena, halina cha kupunguzwa. Sasa niambie umefuata nini, maana jana uliondoka kama umeona nyoka."

Bi Kadi aliketi kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yalikuwa yamemkimbia kama kuku waliofunguliwa banda. Akaanzia popote.

"Maziwa yako hayakuwa maji."

Fundi alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali. Akauondoa.

Bi Kadi akasema. Alieleza jinsi alivyohesabu mistari sita, jinsi nesi alivyosoma kadi na si mtoto, jinsi kilo nne na nusu zilivyo shibe kwa wiki sita na njaa kwa miezi minne. Alieleza habari ya mstari mwekundu, unga wa lishe na rufaa. Alisema, "Ulimwambia nesi mtoto ni mwepesi. Ulikuwa umeona sawa. Kadi yangu ndiyo iliyokukanusha." Alisema amelijua hilo miaka tisa iliyopita na hakufungua mdomo. Hakuomba msamaha katikati, kwa sababu aliogopa kwamba akiomba, Fundi ataanza kumbembeleza.

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Fundi alikuwa amekamata gurudumu la cherehani kwa mkono wake wa kulia na hakuliachia.

"Mimi ndiye niliyesema miezi miwili," alisema hatimaye.

"Ulikuwa unaogopa."

"Nilisema uongo. Nilijua ana miezi minne. Mama yake ni mimi, ningeacha kujua? Wewe uliandika juu ya uongo wangu." Alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti ilikuwa kavu. "Kwa hiyo kosa lilianzia kwangu. Wewe ulidanganywa tu, kama nesi alivyodanganywa. Si ndiyo?"

Hapo palikuwa na mlango, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Bi Kadi aliuona. Kwa miaka yote alikuwa amejisimulia hivyo hivyo: niliambiwa miezi miwili, nikapunguza kidogo tu, ya Juni niliyasikia msibani. Angeitikia ndiyo, wangelia pamoja, na Jumamosi grafu ingetundikwa watu wakacheka.

Hakuitikia.

Fundi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, akamgeukia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama machoni.

"Nakuuliza kitu kimoja, Bi Kadi, na unijibu. Nilipokwambia miezi miwili, uliniamini?"

"Sikukuamini," Bi Kadi alisema. "Nilipokuwa naandika, mwanao alinyoosha mkono akaishika kalamu yangu, akaivuta kwa nguvu, nami nikamtoa vidole kimoja kimoja. Mtoto wa wiki sita hashiki kalamu. Wa miezi miwili hashiki. Nilijua, mwanangu, na nikaandika."